Nani akae na nani: kupanga mashine pepe Tanga

Kwenye karatasi seva zetu nne zilikuwa na nafasi tele. Kila moja ina prosesa mbili za kori 16 (kori ni kitengo kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa) na kumbukumbu ya muda (RAM) ya GB 256, kwa hiyo jumla ni kori 128 na kumbukumbu ya terabaiti moja. Jedwali nililokabidhiwa nilipoichukua kazi hii lilionyesha kwamba karibu nusu ya mali hiyo haijapata mpangaji. Lakini simu za asubuhi hazikuisha. "Mfumo mzito leo." "Inazunguka tu." "Tumeshindwa kutoa risiti, watu wako mlangoni." Wakala wa forodha yuko bandarini na nyaraka mkononi, SACCOS ina foleni ya wanachama, nami nikilifungua jedwali naona kijani tupu kuanzia juu hadi chini.

Tuko Chumbageni, hapa Tanga mjini. Tunakodisha mashine pepe kwa watu wa mjini na wa wilayani: maduka ya jumla ya Ngamiani, SACCOS, maduka ya dawa, shule za binafsi, mawakala wa forodha, na mteja mmoja anayerusha mawaidha mtandaoni. Kwa asiyeijua, mashine pepe ni kompyuta kamili inayoishi ndani ya seva kama programu. Ina mfumo endeshi wake, diski yake na anwani yake, na haijui kwamba ina majirani. Jambo lenyewe si geni. IBM walikuwa wakiigawa kompyuta moja kubwa kwa namna hii tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatoa VM/370. Kilichotufikia sisi wadogo ni KVM, programu ya kuendesha mashine pepe, iliyoingizwa kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux mwaka 2007. Tangu hapo mwenye seva mbili tatu na uvumilivu anaweza kuwa na wingu lake mwenyewe.

Watu huuliza kwa nini wateja wasikodi Dar es Salaam, au nje kabisa. Wengi wanakodi huko kwa baadhi ya kazi, na sina ugomvi nao. Ila Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kubahatisha sehemu kubwa ya nchi, duka moja la jumla lenye mashine yake hapa mjini liliendelea kuuza kama kawaida. Baada ya siku zile hatukulazimika tena kujieleza sana.

Turudi kwenye jedwali. Kasoro yake ni kwamba lilihesabu vitu viwili tu, kori na kumbukumbu, kwa kuwa ndivyo vinavyoandikwa kwenye ankara. Diski haikuhesabiwa ila kwa ukubwa. Netiweki haikuhesabiwa. Kashe ya prosesa, yaani kijikumbukumbu cha haraka ambacho kori zote za prosesa moja huchangia, haikutajwa kabisa. Nyumba nyingi za kupanga pale Ngamiani ziko hivi hivi: mwenye nyumba anahesabu vyumba, lakini wapangaji hawagombanii vyumba, wanagombania bomba la uani saa kumi na mbili asubuhi.

Nikaacha kuuliza mashine ina ukubwa gani, nikaanza kuuliza inahangaika saa ngapi. Kwa kila mashine nilichora mstari wa saa 24, mmoja wa prosesa, mmoja wa diski, mmoja wa netiweki. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo iliyonifundisha karibu kila kitu ninachokijua. Wastani ni mwongo mkubwa hapa. Mashine yenye matumizi ya asilimia kumi kwa siku inaweza kuwa imelala usiku kucha, kisha ikashika asilimia mia kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi. Ukiweka mbili za namna hiyo pamoja, jedwali litasema asilimia ishirini, na wateja wako wawili watakutukana kwa saa mbili.

Mistari ilipokamilika, siri ya simu za asubuhi ilikuwa wazi, na haikuwa na uhusiano wowote na asubuhi. Bekapu za mashine zote zilikuwa zimewekwa saa sita kamili usiku. Kila aliyesakinisha mfumo alichagua saa ileile, maana ndiyo saa ambayo mtu yeyote angeichagua. Hifadhi yetu ya pamoja wakati huo ilikuwa ya diski za kuzunguka, na diski ya namna hiyo hufanya kama kazi 100 hadi 200 tu za kurukaruka kwa sekunde. Ikisoma faili moja kubwa kwa mfululizo inakimbia vizuri. Ikiitwa na mashine arobaini kwa mpigo, kichwa chake kinashinda kikiruka huku na huku, na bekapu ambayo ingemalizika peke yake kwa muda mfupi inaburuzika hadi kunapambazuka. Saa mbili SACCOS inafungua milango huku bekapu za jirani zake bado zinakokotana. Sikuhamisha mashine hata moja. Nilizipanga bekapu zipokezane, tatu tatu, zile nzito kwanza, na malalamiko ya asubuhi yakapungua kwa kiasi ambacho mzee wetu wa ofisi alidhani nimenunua kifaa.

Baada ya hapo ndipo upangaji wenyewe ulipoanza. SACCOS ni za asubuhi, na zinakuwa nzito zaidi tarehe za mishahara. Maduka ya jumla yana kilele cha jioni, wanapofunga hesabu na kuhakiki stoo. Wakala wa forodha hana saa, ana meli: wiki nzima kimya, kisha siku mbili za vurugu. Shule zinalala mpaka muhula unapofungwa, kisha walimu wote wanaingiza alama siku ile ile ya mwisho. Ukishawajua hivi, kumpatia kila mmoja jirani si kazi ngumu. Mtu wa asubuhi anakaa na mtu wa jioni. Mashine yenye njaa ya diski inakaa na yenye njaa ya prosesa. SACCOS mbili hazikai seva moja, hata kama nafasi ipo.

Mpango huo ulikwenda vizuri hadi ulipoingia mwezi wa Ramadhani.

Huu mji, asiyeujua aelezwe kidogo. Mwezi wa mfungo mchana unapoa na usiku unachangamka. Maduka ya nguo na viatu yanayofunga saa moja jioni miezi mingine yanafunguliwa tena baada ya tarawehe, na likifika kumi la mwisho watu wananunua nguo za Idd hadi saa saba usiku. Mteja wetu wa mawaidha, ambaye miezi kumi na moja hana watazamaji wa kutisha, anarusha mara mbili kwa usiku, baada ya tarawehe na kabla ya daku. Yaani saa zile nilizozigawa kwa bekapu nikidhani mji umelala ndizo saa za mauzo makubwa kuliko zote za mwaka. Na huwezi kuandika tarehe moja kwenye ratiba ukaisahau, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja. Mwaka 2024 mfungo ulianza kabla tu ya katikati ya Machi, 2025 ukaanza mwanzoni mwa Machi, 2026 ukarudi Februari. Ule wa 2025 ulikuwa na yake: kumi la mwisho liliangukia mwisho wa mwezi, kwa hiyo mishahara, ununuzi wa Idd na kufunga hesabu za robo mwaka vikaja kwa mkupuo mmoja.

Kwenye soko kuna programu nzuri za kusawazisha mashine zenyewe. Kampuni ya VMware wana yao, na OpenStack, mfumo huria wa kuendesha wingu, una programu yake ya kupanga inayochuja seva zisizofaa kisha kuzipa alama zilizobaki. Sizidharau, na sisi wenyewe tunatumia moja. Lakini nyingi hutazama mzigo wa sasa, au wa siku chache zilizopita, na hakuna hata moja niliyoiona inayojua kwamba mwezi ukiandama leo, kesho mji wote utabadilisha saa zake. Kwa hiyo tuna ratiba mbili za bekapu na mipango miwili ya ukaaji, na tunabadilisha kwa mkono. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye mwenye jukumu hilo, naye hufuatilia tangazo la mwezi kuliko imamu.

Kuna hesabu ya upande mwingine ambayo nayo ina ujanja wake, ile ya nafasi kuvunjikavunjika. Mteja anataka mashine ya GB 24. Una seva tatu, kila moja ina GB 12 zilizobaki. Jumla GB 36, na bado humpati pa kukaa. Wanahesabu wanalijua tatizo hili kama kupanga vitu kwenye masanduku, na hadi leo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kupata mpango bora kabisa kila mara. Ila kuna njia rahisi iliyo karibu sana na ubora: panga kuanzia kubwa hadi ndogo, na kila moja iweke kwenye seva ya kwanza inayoitosha. Kama mpango bora kabisa ungetumia seva 9, njia hii haitazidi 11. Hiyo ni kwa kipimo kimoja tu, kumbukumbu kwa mfano. Ukiongeza kori, diski na saa, hesabu inakuwa ngumu zaidi, lakini desturi ya kubwa kwanza bado inasaidia. Tunaanza na kubwa, na vijimashine vidogo vya maduka ya dawa tunavifukia kwenye mapengo mwishoni.

Mapengo hayo yenyewe hatuyajazi yote. Seva moja ikifa, mashine zake lazima zipate pa kuamkia kwenye tatu zilizobaki. Kila seva tunaiachia GB 16 kwa matumizi yake yenyewe, inabaki GB 240, mara tatu ni GB 720. Hapo ndipo mwisho wetu, ingawa mitambo ina GB 1024. Mzee wa ofisi hakulipenda.

"Mwanangu, yaani karibu theluthi nzima ya mali imekaa tu?"

"Ndiyo mzee."

"Na umeme inakula?"

"Inakula, mzee."

Alinyamaza, akaagiza chai. Suala la umeme alikuwa na haki nalo. Mwaka 2007 Luiz Barroso na Urs Hölzle wa Google waliandika kwamba seva zao nyingi hutumika kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo, na kwamba hata seva nzuri ikiwa haina kazi hula karibu nusu ya umeme inaokula ikiwa imeelemewa. Kwa joto la Tanga ongeza na kiyoyozi, kinachofanya kazi ya kulitoa nje joto lile lile. Kwa hiyo tulijaribu kuzikusanya mashine usiku kwenye seva tatu na kuizima ya nne. Inawezekana, na bili ilishuka kidogo, lakini kila alfajiri tulikuwa tunaamsha seva na kurudisha mashine kwa haraka kabla SACCOS hazijafungua. Tuliacha. Kwa datasenta yenye maelfu ya seva ni akili nzuri. Kwa mwenye nne, akiba haifiki thamani ya mtu mmoja kuamka saa kumi na moja.

Kuhusu kuuza zaidi ya ulichonacho, nina msimamo, na nisikilizwe na wanaoanza. Kori uza, hata mara tatu au nne ya zilizopo, kwa sababu mashine nyingi muda mwingi zinasubiri tu. OpenStack kwa miaka mingi ilikuja ikiwa imewekwa iuze kori mara 16 na kumbukumbu mara 1.5. Hiyo ya kori ni kubwa mno kwa wateja wa biashara, lakini mwelekeo ni sahihi. Kumbukumbu usiuze zaidi ya iliyopo. Kori ikigombaniwa, kila mtu anachelewa kidogo. Kumbukumbu ikiisha, mtu anakufa. Kwenye KVM kila mashine pepe ni mchakato wa Linux, yaani programu inayoendeshwa, kama mchakato mwingine, na Linux ikiishiwa kumbukumbu huchagua mmoja wa kuua, kwa kawaida yule mwenye kumbukumbu kubwa. Mwenye kumbukumbu kubwa ni nani? Ni mteja wako anayelipa zaidi. Nililishuhudia hilo kwenye kampuni niliyofanyia kazi kabla sijarudi nyumbani: hifadhidata ya mteja mkubwa kuliko wote ilizimika ghafla mchana kweupe, na watu wakapoteza muda mrefu wakitafuta mdukuzi.

Wateja nao wana imani yao, kwamba kori zikiwa nyingi mfumo unakimbia. Mhasibu wa SACCOS moja alikuja ofisini na hoja hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hizi kori nne mlizotupa zinatutosha kweli? Kijana wetu wa kompyuta anasema tuchukue ishirini na nne tupate amani."

Nilimkalisha mbele ya skrini. Kwenye Linux, amri iitwayo "top" ina safu ya "st", inayoonyesha muda ambao mashine pepe ilikuwa tayari kufanya kazi lakini seva haikuipa kori. Kwake ilikuwa karibu sifuri. Iliyopanda ni ile inayoandikwa "wa", muda wa kusubiri diski. Programu yake ya hesabu inatumia kori moja, mara chache mbili. Nikamweleza na madhara ya ukubwa: seva zetu zina prosesa mbili, na kila moja ina nusu ya kumbukumbu karibu yake. Mashine ya kori nne inakaa upande mmoja. Ya kori 24 haienei kwenye kori 16 za upande mmoja, itatanda pande zote mbili, na sehemu ya kumbukumbu yake itakuwa ng'ambo, njia ndefu kila inapoitwa. Angelipa zaidi apate mfumo mzito zaidi.

"Kumbe," alisema, "na yule aliyekuja kutuuzia thelathini na mbili?"

Sikumjibu.

Jambo jingine linalowasumbua wenye programu za nyuzi nyingi, yaani zinazogawa kazi yao katika mikondo kadhaa inayokwenda sambamba, ni kikomo cha prosesa. Linux kwa kawaida hupima mgao kwa vipande vya milisekunde 100. Ukiipa programu mgao wa kori mbili, ina milisekunde 200 za kazi katika kila kipande. Ikifungua nyuzi nane kwa mpigo, inazimaliza zote kwa milisekunde 25, kisha inafungiwa hadi kipande kiishe, milisekunde 75 za kimya. Mtumiaji anaona mfumo unaoshtukashtuka, nawe kwenye grafu ya dakika tano tano huoni kitu. Ukiona mtu analalamika na grafu imetulia, punguza nyuzi kabla hujaongeza kori.

Kutenganisha nako si kuweka tu kwenye seva mbili tofauti. Mteja mmoja wa dawa ana hifadhidata na nakala yake hai. Sheria tuliyoiandika ni kwamba mbili hizo zisikae seva moja, na programu ya kusawazisha inaiheshimu. Lakini nilipozifuata waya kwa mkono nilikuta seva zile mbili zinakula kwenye betri ya akiba moja. Kwa macho ya programu zilikuwa mbali. Kwa fundi umeme zilikuwa kitu kimoja. Sasa sheria zetu zinataja betri na swichi za netiweki pia, na raki, kabati la seva, ina rangi mbili za utepe ili mtu akiichomoa waya ajue anagusa upande upi.

Na kuhamisha mashine huku inafanya kazi, ambako wageni hukuona ni kiini macho, kuna hesabu yake. Kumbukumbu inanakiliwa seva mpya mashine ikiendelea kazi, kisha yale yaliyobadilika yananakiliwa tena, na tena, hadi yabaki machache, ndipo inasimamishwa kidogo sana na kuamkia upande wa pili. Kwa waya wa gigabiti 10 kwa sekunde (gigabaiti moja ni gigabiti nane) mashine ya GB 64 inahitaji karibu sekunde 50, kama hakuna kinachobadilika. Kwa waya wa gigabiti moja ni karibu dakika tisa. Na hifadhidata inayobadilisha kumbukumbu MB 200 kwa sekunde haitamaliza kamwe kwenye waya huo, kwa sababu waya unabeba MB 125 tu. Ndiyo sababu tumetenga waya maalumu wa kuhamishia, na hifadhidata hatuzigusi saa za kazi.

Mwaka huu mzee alikuwa na fedha za seva ya tano. Nilimwekea mezani ile mistari ya saa 24 ya mwezi mzima, Ramadhani ikiwemo. Hapakuwa na saa hata moja ambayo kori zetu zilifika theluthi mbili. Diski zilikuwa zimeelemewa kila siku ya mshahara. Akaikagua kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesoma hati ya shamba, kisha akaniambia nilete bei za diski za SSD, zile zisizozunguka, na nifute ile ya kiyoyozi cha pili. Kiyoyozi bado tunabishana.